Springi haikatwi: Boxer ya bodaboda kwa mpanda wa kilo 46

SWALI

Mimi ni afisa ugani, nakaa Muheza na vijiji vyangu viko juu Amani. Nina kilo 46, kimo sentimita 153. Nimenunua Boxer 150 iliyokuwa bodaboda Tanga mjini. Injini haina neno, ila kwenye vumbi inanirusha hata mikono inakufa ganzi, na nikifika Kisiwani kiuno hakinyooki. Nikisimama nagusa chini kwa vidole tu. Nikiteremka mlima nikakanyaga breki, tairi la nyuma linakimbilia pembeni. Fundi anasema tatizo ni wepesi wangu, na dawa ni kukata koili mbili kila springi ya nyuma ili ishuke na ilainike. Ofisini wananishauri niiuze, ninunue zile ndefu za mashambani zenye shokapu moja nyuma. Nifuate lipi?

JIBU

Dada yangu, mpigie fundi simu leo umwambie asishike msumeno. Mengine tutayapanga taratibu.

Anachokuahidi kina nusu ya ukweli. Ukikata koili mbili pikipiki itashuka, hilo silibishii. Lakini haitalainika, itakuwa ngumu zaidi. Springi hubonyea kwa sababu kila koili inajipinda kidogo, na jumla ya kujipinda huko ndiyo unayoisikia chini ya siti. Koili zikipungua, zinazobaki zinajipinda vilevile kwa mzigo uleule, ila jumla inakuwa ndogo. Springi yenye koili 12 zinazofanya kazi, ukiitoa mbili, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Tena ncha iliyokatwa haikai bapa kwenye kikombe chake. Springi inalala upande, inakwaruza mwili wa shokapu, na gurudumu likining'inia inalegea na kugonga. Kila anayekatiwa springi huondoka gereji amefurahi kwa sababu miguu imefika chini. Kilio kinaanza akikutana na tuta la kwanza.

Na hilo la kwamba tatizo ni wewe, liache palepale aliposimama fundi. Pikipiki yako imepangwa kwa uzito wa watu wengine. Hebu fikiria kazi iliyokuwa ikifanya mjini. Dereva wa kilo 65, nyuma yake abiria wawili, mshikaki kamili, na pengine kiroba juu ya tangi. Gurudumu la nyuma peke yake lilikuwa linabebeshwa zaidi ya kilo 120 za watu na mizigo. Wewe na mkoba wako wa kazi mnaliongezea kama kilo 35. Vijana wa bodaboda wanajua wanachofanya, wala siwalaumu: shokapu ikigonga mwisho kila shimo, siku mbili tu rimu imepinda. Kwa hiyo hukaza ringi ya ngazi iliyo chini ya springi za nyuma hadi ngazi ya mwisho, huvalisha springi za waya mnene, huweka vipande vya bomba au washa juu ya springi za mbele, humimina oili ya injini kwenye foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), hufunga tairi la kamba nyingi na kulijaza upepo mpaka linalia ukilipiga teke. Kila kimoja kina sababu yake kwao. Vikikutana vyote chini ya mtu wa kilo 46, ndiyo hayo unayoyasimulia.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuondoa walivyoongeza, kisha kupima. Kununua kutakuja mwisho, kama kutahitajika.

Anza na upepo, maana hauna gharama. Vitabu vya pikipiki za mtaani za aina yako hutaja takriban psi 25 mbele, na 28 nyuma kwa mtu mmoja hadi 32 kwa wawili. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa kidole gumba cha mjaza upepo. Sitashangaa ukikuta 40. Psi 40 chini ya mtu mwepesi ina maana kwamba kokoto ndogo ambazo tairi lingezimeza lenyewe zinapelekwa moja kwa moja kwenye shokapu, na shokapu haiwezi kujibu vitu vidogo na vya haraka kiasi hicho. Kwenye vumbi unaweza kushuka hadi 22 mbele na 25 nyuma. Usipite hapo. Njia ya Amani ina mawe, na tairi laini likipiga jiwe linabanwa na rimu, tyubu inatoka na matundu mawili sambamba, nawe uko porini huna pampu. Soma pia ubavu wa tairi la nyuma. Ukikuta 8PR, yaani nguvu ya kamba nane, hilo ni la mizigo, ubavu wake mgumu. Likiisha, funga 4PR au 6PR. Kulitupa sasa hakuna haja.

Sasa shokapu za nyuma. Kabla hujalaumu springi, mwambie fundi asimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati, afungue shokapu zote mbili, kisha anyanyue na kushusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Chuma kinachobeba gurudumu kinapaswa kupanda na kushuka bila kukwama, na kisicheze kulia na kushoto. Kikiwa kizito, bushi zake, zile za kwenye kiungo kinapozungukia, zimekauka au zimepata kutu, na hakuna springi duniani itakayokupa ulaini hapo. Kwa pikipiki ya Tanga mjini mimi hukagua hili kuliko jingine lolote. Nyingi hubeba samaki kutoka Deep Sea asubuhi kabla ya kubeba watu, na maji ya tenga hudondokea hapohapo. Chumvi haina haraka ila haiachi kitu. Shokapu zikiwa mkononi, pitisha ukucha kwenye chuma kinachong'aa cha kati. Ukisikia vidutu vya kutu, sili, mpira unaozuia oili isitoke, imeshakatwa au iko njiani kukatwa.

Zikiwa bado chini, zipime. Chukua kalipa, pima unene wa waya wa springi, hesabu koili, kisha nenda duka la vipuri uombe kuangalia shokapu halisi ya modeli yako uipime vilevile. Usidharau tofauti ya milimita moja. Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, na ndiyo maana waya wa milimita 8 mahali pa waya wa milimita 7, koili zikiwa idadi ileile na upana uleule, unatoa springi ngumu zaidi kwa takriban asilimia 70. Kwa macho huoni kitu. Boxer nyingi zina springi mbili kwa kila shokapu, ndogo ndani ya kubwa, kwa hiyo kagua zote mbili. Na fundi akikupa wazo la kuitoa ile ya ndani ili kulainisha, mkatalie pia: siku utakayopakia mwenzako utagonga mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wengi hukosea, hata mafundi wazuri. Ringi ya ngazi iliyo chini ya springi, ile inayozungushwa kwa spana ya ndoano, haibadilishi ugumu wa springi. Kuikaza ni kama kukaza mkanda wa suruali: tumbo ni lilelile. Springi inayohitaji kilo mbili ili kubonyea milimita moja itaendelea kuhitaji kilo mbili, ringi iwe ngazi ya kwanza au ya tano. Kinachobadilika ni mahali pikipiki inapokaa, na uzito unaotakiwa kabla springi haijaanza kusogea. Hapo ndipo mtu mwepesi anapoumia. Kwenye ngazi ya tano, uzito wako wote pengine haufiki ule wa kuanzia. Unakaa juu ya pikipiki ambayo shokapu zake zimenyooka mpaka mwisho, na kila jiwe linakusukuma wewe kwanza kabla ya kusukuma springi.

Kunyooka huko ndiyo sababu ya breki zako kuteleza. Watu hudhani kazi ya shokapu ni kupanda tu gurudumu likikutana na tuta. Nusu ya kazi ni kushuka. Gurudumu likifika kwenye shimo linatakiwa lifuate ardhi chini, na haliwezi kufuata kama shokapu imeshafika mwisho wa kunyooka. Kwenye barabara iliyopiga mawimbi, gurudumu lako la nyuma linaruka kutoka kilele hadi kilele bila kugusa mabonde. Ukikanyaga breki wakati liko hewani linasimama, na likitua limeshafungwa. Ongeza na mteremko: mlima unasukuma uzito mbele, breki zinausukuma zaidi, na mkia umenyanyuliwa na ringi iliyokazwa. Kwenye zile kona za kutoka Amani kuteremka Sigi, udongo ukiwa umelowa, mimi nisingependa kuwa juu yake.

Kwa hiyo legeza ringi hadi ngazi ya chini kabisa, pande zote mbili sawasawa, kisha tupime. Unahitaji tepe, mtu wa kukushika na mtu wa kusoma namba. Chagua sehemu isiyosogea kwenye fremu juu ya ekseli ya nyuma, kichwa cha boliti au alama ya kalamu, na umbali wote upimwe kutoka katikati ya ekseli hadi hapo. Kipimo cha kwanza ni gurudumu likining'inia kwenye stendi. Cha pili, pikipiki imesimama chini kwa magurudumu yake bila mtu. Cha tatu, wewe umekaa mahali unapokaa siku zote, miguu juu ya vikanyagio, umevaa kofia ngumu, buti na mkoba wako wa kazi, siyo umevaa kanga za nyumbani. Kila mara bonyeza mkia chini, uuache urudi wenyewe, usome. Kisha unyanyue kidogo, uuache ushuke, usome tena. Namba mbili hizo hazitalingana kwa sababu ya msuguano, chukua ya katikati. Zikiachana kwa zaidi ya milimita 6 au 7, rudi kwenye bushi.

Gurudumu la nyuma la pikipiki hizi husafiri kama milimita 100 kutoka kunyooka hadi kugonga. Kwa njia zako, ukiwa umekaa, inatakiwa iwe imebonyea kama theluthi ya hiyo, tuseme milimita 25 hadi 33. Kati ya hizo, 8 hadi 12 hivi ni uzito wa pikipiki yenyewe, yaani tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili. Zinazobaki, 15 hadi 20, ni wewe.

Hiyo sehemu yako ndiyo inayosema ukweli kuhusu springi. Ukikuta pikipiki yenyewe imebonyea milimita 10 na wewe umeongeza 17, funga kazi, springi zako ni nzuri na kosa lote lilikuwa kwenye ringi. Ukikuta jumla ni 12 tu wakati ringi iko chini kabisa, springi ni ngumu. Kuna hali ya tatu inayodanganya watu: jumla inasoma 28, safi kabisa, lakini 20 ni za pikipiki peke yake na wewe umeongeza 8. Hapo pia springi ni ngumu mno kwako, ila zimelegezwa mno. Mtu akiangalia jumla peke yake ataapa kwamba imepimwa vizuri. Na kinyume chake kipo: pikipiki isiyobonyea kabisa kwa uzito wake lakini inazama 30 mtu akikaa, hiyo springi ni laini mno na imekazwa ringi kuficha. Wewe hutaikuta, labda kaka yako mwenye kilo 95.

Ukitaka uhakika zaidi kabla ya kutoa hela ya springi, azima mfuko wa saruji. Kiwanda kiko Pongwe, mifuko ya kilo 50 haikosekani kwenye kila duka la vifaa njia nzima hadi Muheza, na uzito wake ni wa kuaminika kuliko wa mtu anayekuambia ana kilo 70. Mtu ashike usukani, mfuko ulazwe kwenye keria, sawasawa na ekseli ya nyuma, upime umeshuka kiasi gani kutoka kipimo cha pili. Ukishuka milimita 25, springi zako zinahitaji kilo mbili kwa kila milimita pale kwenye gurudumu, na kwa uzito wako hiyo inatosha. Ukishuka 20 bado nitakuambia vumilia. Ukishuka 13 au 14, springi hizo ni za mizigo, hazikuundwa kwa ajili yako, zitafutie mnunuzi kijiweni. Atapatikana siku hiyohiyo.

Za kubadilisha nazo, tafuta kwanza shokapu halisi za modeli yako. Hazikutengenezwa kwa kilo 46, lakini zinalegezeka vya kutosha. Zikiwa bado ngumu kwa kipimo cha saruji, njia ya pili ni shokapu za pikipiki ndogo ya cc 100. Hapa kuwa makini. Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Zikipishana na zako kwa zaidi ya sentimita moja, ziache. Ukubali au ukatae baada ya kufanya jaribio hili: fundi atoe springi, afunge shokapu tupu, ashushe mkia mpaka mpira wa mwisho ubanwe, aangalie kama tairi linagusa madigadi au waya za taa. Shokapu fupi inayoshusha siti na kulifanya tairi lile madigadi ni hasara mbili kwa bei moja.

Kurudi kwa shokapu nako kukague. Springi inasukuma, oili iliyo ndani ya shokapu ndiyo inayoipunguzia kasi. Bonyeza mkia kwa nguvu zako zote uuachie. Unapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, oili imekwisha nguvu au imevuja, na kurushwa unakolalamikia kunatoka hapo zaidi kuliko kwenye ugumu. Shokapu za aina hii zimefungwa kiwandani, hazina skrubu ya kurekebisha, na wanaojitolea kuzifungua na kuzijaza upya siwashauri. Badilisha, tena zote mbili. Moja mpya na moja kuukuu hupinda mwendo.

Mbele ndiko watu wanakokusahau, na mikono yako inayokufa ganzi inaniambia kwamba huko kuna kazi. Foki za pikipiki yako hazina ringi ya ngazi. Vitu viwili tu vinazipanga: kilichoko juu ya springi, na oili. Mwambie fundi afungue kofia za juu (gurudumu likiwa limenyanyuliwa, maana kofia inaweza kuruka na kumvunja jino), atoe kila kitu akipange juu ya gazeti. Ukiona kipande cha bomba la maji, rundo la washa au, kama nilivyowahi kukuta, sarafu, ujue hivyo havikutoka kiwandani. Viondoke.

Oili itoke yote. Ikitoka nyeusi, nzito, inanuka kama ya injini, ndiyo yenyewe. Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito mara nne au zaidi kuliko oili ya foki ya 10W. Kwa bodaboda iliyojaa mzigo inasaidia foki zisizame kwenye breki. Kwa mtu mwepesi inazifunga. Gurudumu linapiga jiwe, oili inakataa kupita kwenye matundu madogo, na pigo lote linapanda hadi kwenye vifundo vya mikono. Osha ndani, jaza oili ya foki ya 10W. Ukiikosa Muheza, ile ya gia za otomatiki za magari inakaribiana nayo na haijamwangusha mtu. Kiasi ni kile cha kitabu cha pikipiki, kipimwe kwa kikombe chenye alama za mililita, kila mguu sawasawa, kampuni ileile pande zote, kwa sababu 10W ya kampuni moja si lazima ilingane na 10W ya nyingine. Usikubali "jaza kidogo tena usije ukapungukiwa". Juu ya oili kuna hewa, na hewa hiyo nayo ni springi. Oili ikizidi, nafasi ya hewa inapungua na foki inakuwa ngumu kupita kiasi mwishoni mwa mwendo wake. Baada ya wiki chache, ukiona bado inakupiga, shuka hadi 7.5W au 5W. Usianze nayo.

Halafu kuna dakika moja ya kazi ambayo mafundi wengi huiruka. Gurudumu la mbele likisharudishwa, kabla ekseli haijakazwa kabisa, pikipiki ishushwe chini, breki ya mbele ishikwe, usukani ubonyezwe mara kadhaa. Hapo miguu miwili ya foki inajipanga yenyewe sambamba. Kisha ndipo ekseli ikazwe. Ikikazwa kabla, miguu inavutana na foki inakwama katikati ya njia, hata ungeweka oili ya dhahabu.

Kwa mbele kipimo ni kilekile cha hatua tatu. Mwendo wa foki ni kama milimita 125, nawe ukiwa umekaa tunatafuta 35 hadi 40. Ukipata 30 usihangaike.

Miguu kufika chini: mkia ukishuka milimita 25 kwenye ekseli, siti haishuki zote, kwa kuwa wewe umekaa mbele ya ekseli. Tegemea sentimita moja na nusu, pengine mbili. Kwa mtu wa sentimita 153 hizo ni kutoka vidole hadi nusu ya unyayo. Zaidi ya hapo mtafute fundi wa siti, siyo wa pikipiki. Apunguze sponji pembeni, pale mapaja yanapopanuka, asiguse ya katikati unayokalia. Upana wa siti unaiba urefu wa mguu kuliko watu wanavyodhani. Na jizoeze kushusha mguu mmoja tu, wa kushoto, unyayo mzima, wa kulia ubaki kwenye breki. Madereva wafupi wazuri ninaowajua wote husimama hivyo.

Baada ya yote haya, mnyororo. Usiusahau, kwa sababu sasa gurudumu litapanda na kushuka kuliko lilivyozoea, na mnyororo huwa umebana zaidi pale ekseli, kiungo cha chuma cha nyuma na sproketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Uliokuwa unatosha wakati shokapu hazisogei unaweza kubana sasa, ukavuta beringi za sproketi. Upime wewe ukiwa umekaa, na hata hapo uwe na mchezo wa sentimita mbili hivi katikati.

Siku za kupakia mtu au mfuko wa mbegu, panda ngazi mbili za ringi na ongeza upepo wa nyuma hadi 32, ukirudi teremsha. Weka alama ya rangi kwenye ngazi yako ya kawaida ili usihangaike kuhesabu ukiwa na haraka. Mkoba wa kazi ukae mbele kwenye siti au pembeni chini, usiufunge mwisho wa keria: kilo sita pale nyuma kabisa zinainyanyua mbele, na mtu mwepesi hana uzito wa kuirudisha. Wanaokuoshea kwa pampu ya nguvu waambie wasilenge sili za foki wala za shokapu. Maji yale husukuma tope ndani, na huko juu kwenye mvua zenu tope halikosekani hata nje ya masika.

Sasa ushauri wa ofisini. Zile ndefu za mashambani zina shokapu nzuri, sikatai, na gurudumu lake husafiri mbali zaidi. Lakini siti zake ziko juu kuliko hiyo unayoilalamikia, na shokapu moja ya nyuma ukiikuta imechoka, bei yake si ya kubahatisha. Zinazouzwa mkononi huwa zimetoka kwenye miradi, zimebeba watu wazito na masanduku ya vyuma, kwa hiyo utaanza upya na kipimo kilekile cha tepe na saruji. Mimi ningebaki na Boxer. Ipe upepo sahihi, ringi chini, oili mpya mbele, uende nayo Amani na kurudi wiki mbili. Ikiwa sehemu yako kwenye kipimo cha nyuma bado haifiki milimita 12 na kiuno bado kinalia, hapo nunua shokapu. Ukitaka nikusaidie kuchagua, niletee namba nne: vipimo vyako vitatu vya nyuma na ule wa mfuko wa saruji, pamoja na unene wa waya uliosoma kwenye kalipa.